Kuona na Kuangalia

Waingereza wana neno “observe”: maana yake kutazama, tena kushika amri. Kiswahili chetu kimeyatenga hayo mawili. Hata hivyo kinalo “kuangalia”. Mama aendaye sokoni Makambako humwambia jirani, “Niangalizie mtoto,” wala hataki akodolewe macho tu! Katika Luka, sura ya 10, kuhani na Mlawi, watu wa kushika Torati, walimwona majeruhi wakapita kando. Msamaria naye alimwona, akamfunga majeraha. Hapa Lyamkena, mzee asipofika Misani Jumapili mbili, wengi husema, “Tulimwona juzi barabarani.” Ni nani aliyekwenda kumwangalia?