Jiji la Kipsing: swali tunalosahau kuuliza

Haya ndiyo niliyoongea Jumamosi mbele ya vijana hapa Isiolo mjini. Wengi mliomba niyaweke huku. Kama kawaida, sitaji mwanasiasa wala chama.

Kampeni zikikaribia, jiji la mapumziko hufufuka. Mmoja anasema jukwaani atalileta, mwingine anasema huyo wa kwanza ndiye aliyelizuia. Sisi tunapiga makofi, halafu tunabishana: litajengwa lini? Mimi pia. Kidato cha tatu nililitetea jiji hili kwenye mdahalo mpaka sauti ikakauka, na sikujua hata ardhi yenyewe ni ya nani.

Mpango umo katika Ruwaza ya 2030, ukaingizwa LAPSSET, ule mradi wa bandari, barabara, reli na bomba la mafuta uliozinduliwa Lamu Machi 2012. Miji ya mapumziko ilipangwa mitatu: Lamu, Isiolo na Turkana. Wetu ukawekewa Kipsing, kwenye mwanya wa milima magharibi mwa mji, upande wa mto Ewaso Nyiro, na bwawa la Crocodile Jaws lingejengwa kwenye mto huohuo. Barabara ya Moyale tumeipata, uwanja wa ndege tumeupata. Jiji, bado.

Basi mtu ataniuliza, kama hakuna kilichojengwa, shida iko wapi? Shida ni kwamba ramani huanza kazi kabla ya tingatinga. Nyanya yangu ana mbuzi upande wa Oldonyiro. Mwaka jana mjomba alipigiwa simu na mtu asiyemjua, ati anatafuta ekari tano "karibu na jiji". Jiji gani? Huko kiangazi kikikaza watu hushuka mtoni, maana ndiko nyasi na maji hubaki. Mgeni akipita wakati wa mvua anaona ardhi tupu. Si tupu, imeachwa ipumzike. Ndovu nao hupita mwanya huohuo. Na mto wenyewe hauishii kwetu, unaenda Archers Post, Merti, mpaka kinamasi cha Lorian. Ukiufunga huku juu, ng'ombe wa Merti watakunywa nini?

Sasa sheria, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema ardhi ya jamii isiyosajiliwa inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii. Kushikilia tu, kuuza hairuhusiwi. Lakini ardhi hiyo ikitwaliwa kwa lazima, fidia pia inakaa kwa kaunti mpaka jamii isajiliwe. Mmeona hapo? Mtaambiwa pesa yenu ipo, ngojeni. Mkishasajiliwa, mwekezaji hapati mkataba bila theluthi mbili ya watu wazima wa jamii kukubali mkutanoni. Watu wazima wote, akina mama wakiwemo, si wazee watano na chai chini ya mti.

Tazameni Lamu. Mwaka wa 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo kwenye bandari, na wavuvi walipwe shilingi bilioni 1.76. Walishinda, lakini bandari ilikuwa tayari inajengwa. Miaka sita tangu uzinduzi!

Silipingi jiji. Nitamaliza chuo nikitafuta kazi kama nyinyi. Ila mgombea akija na picha za hoteli, kabla ya kumuuliza "lini", muulize usajili wa ardhi ya Kipsing na Oldonyiro umefika wapi, na ni nani atakayesaini.

Nyanya aliniuliza kwa njia yake: "Jina letu limeandikwa wapi?" Sikuwa na jibu. Jumatatu naenda ofisi ya ardhi kuuliza. Mwenye jamaa huko na anataka twende pamoja, aniandikie inboksi.