Daktari Akiwa kwenye Simu, Mgonjwa wa Saratani Aseme Yote

Mazungumzo ya leo yanahusu wagonjwa wa saratani wanaofuatiliwa na daktari kwa simu.

Kutoka Karatina hadi Hospitali Kuu ya Kenyatta, Nairobi, ni zaidi ya kilomita 100. Mgonjwa anayeitwa huko kusomewa majibu tu huamka usiku, hulipa nauli yake na ya anayemsindikiza, na hurudi jioni akiwa hoi. Simu humwondolea safari hiyo, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaitambua huduma ya aina hii.

Hata hivyo, daktari aliye kwenye simu haoni. Kliniki, huona mgonjwa anavyotembea na nguo zilivyomlegea. Kwenye simu husikia tu, "Niko sawa." Mama hujibu hivyo akiwa sokoni kwa sababu wa kibanda cha jirani anasikia. Mzee hujibu hivyo kwa sababu mwanawe ndiye anayemtafsiria kutoka Gĩkũyũ, naye anaona haya kumweleza mtoto kwamba anatokwa na damu akienda haja. Daktari huandika kwamba hali ni nzuri, na ugonjwa huendelea. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Kwa hivyo mgonjwa ajitayarishe. Siku moja kabla, apimwe uzito na presha katika zahanati iliyo karibu, au amwombe mhudumu wa afya ya jamii. Tangu mwaka 2023, wahudumu hao wamekuwa wakipewa mikoba yenye mizani, kipimajoto na mashine ya presha. Aandike dawa anazomeza, maumivu yako wapi, na kama anakula na kulala. Simu ikilia akiwa mahali pa watu, aombe dakika chache ajitenge. Akiona haya mbele ya jamaa, aombe mhudumu wa afya anayejua lugha yake amsaidie.

Mengine hayafai kungojea simu. Uvimbe mpya lazima daktari auguse kwa mkono. Kutokwa na damu nyingi au kushindwa kupumua ni dharura. Anayepewa dawa za kemotherapia akipata joto la nyuzi 38 au zaidi, asimeze dawa ya maumivu na kulala. Aende hospitali usiku huo huo, na aseme mlangoni kwamba yuko kwenye kemotherapia. Dawa hizo hupunguza chembe za damu zinazopigana na viini, na maambukizi madogo yanaweza kumuua kwa muda mfupi.

Jamaa nao wana kazi yao. Siku ya miadi, simu iwe na chaji, ikae karibu na mgonjwa, na mgonjwa apewe nafasi ya kusema mwenyewe.