Dawa ya mzee kwa mtoto



Juma hili nataka tuzungumzie jambo ambalo ukilisikia kwa mara ya kwanza linashtua: mtoto wa miaka 8 au 10 kupewa vidonge vya kupunguza kolesteroli. Kila ninapolitaja, watu huniuliza, "Hizo si dawa za wazee na wanene? Mtoto za nini?" Swali ni la haki, na linastahili jibu.

Dawa zenyewe huitwa statini. Ya kwanza ilipatikana Japani miaka ya 1970, pale mtaalamu Akira Endo alipoitoa katika kuvu. Kazi yake hufanyika kwenye ini, ambalo ndilo kiwanda kikuu cha kolesteroli mwilini. Statini hupunguza kasi ya kiwanda hicho. Ini likiona limepungukiwa, hufungua milango zaidi ya kuvuta kolesteroli kutoka kwenye damu. Damu ikapungukiwa na mafuta yale yanayoziba mishipa.

Hapo mtoto na mtu mzima hawana tofauti. Tofauti iko kwenye sababu ya kupewa dawa, na wakati wa kuianza.

Mtu mzima mara nyingi huanzishiwa dawa mafuta yakiwa yamekwisha kujijenga kwenye kuta za mishipa kwa miaka mingi. Pengine moyo umekwisha kumshtua. Huyo anajenga ukuta, kwa kuwa ufa haukuzibwa.

Mtoto anayepewa statini kwa kawaida ana ugonjwa wa kurithi. Amezaliwa na ile milango ya ini ikiwa michache au mibovu. Anaweza kuwa mwembamba, mcheza mpira hodari, na mboga anakula, lakini damu yake imejaa kolesteroli tangu alipozaliwa. Duniani, takriban mtu 1 katika kila 250 ana hali hii. Mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Wapo wachache sana walioirithi kwa baba na kwa mama. Hao milango karibu hawana, kwa hiyo statini peke yake haiwatoshi.

Je, kuanza mapema kunasaidia? Uholanzi waliwafuatilia watoto na vijana 214 wenye ugonjwa huu kwa miaka 20, na matokeo yakatolewa mwaka 2019. Kufikia umri wa miaka 39, asilimia 1 tu walikuwa wamepatwa na maradhi ya moyo na mishipa. Miongoni mwa wazazi wao wenye ugonjwa uleule, ambao utotoni mwao dawa hizi hazikuwapo, ilikuwa asilimia 26 kwa umri huohuo. Ukoo mmoja, ugonjwa mmoja. Kilichobadilika ni saa ya kuanza dawa.

Wazazi huogopa kwamba mtoto atadumaa. Tafiti za watoto hazikuonyesha dawa hizi kuzuia kukua wala kubalehe. Hata hivyo si peremende. Daktari huanza na dozi ndogo, hupima damu, na huuliza kuhusu maumivu ya misuli. Msichana aliyevunja ungo lazima aelezwe juu ya dawa hizi na mimba. Na chakula bora na michezo haviachwi.

Sasa tuje kwetu majumbani. Baba anaanguka ghafla akiwa na miaka 42. Miaka michache baadaye ndugu yake anamfuata. Msibani watu wananong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Tunazika, tunagawana mirathi, tunatawanyika. Hakuna anayeuliza kilichokuwamo kwenye damu ya marehemu, wala kilichomo kwenye damu ya wanawe waliokaa pale mkekani.

Ombi langu ni hili. Kama katika ukoo wenu yupo mwanamume aliyepatwa na maradhi ya moyo kabla ya miaka 55, au mwanamke kabla ya 60, mwelezeni daktari, na watoto wapimwe damu. Msimpe mtoto kidonge cha babu yake kwa kubahatisha. Dawa hii huandikwa na daktari baada ya kipimo. Lakini msingoje mtoto afike umri wa babu ndipo mumpime.

Hadi juma lijalo, kwaherini.