Aliyekata Matawi ya Mikorosho

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nilipoandikiwa nije niseme machache, nilielezwa kwamba wenzangu watazungumzia ukarabati wa bweni na michango, hivyo mimi nichague jambo jepesi. Nimechagua mdudu. Naona mnacheka. Chekeni, lakini mdudu huyu aliwahi kumtoa mtu shuleni kwa majuma matatu, na mtu huyo yumo humu ukumbini, ameketi mstari wa tatu, na amenikataza nisimtaje jina.

Mwaka 1976 nilikuwa kidato cha pili. Siku zile za Elimu ya Kujitegemea kila darasa lilikuwa na sehemu yake katika shamba la shule, na sehemu yetu sisi ilikuwa mikorosho. Mwezi wa Julai, wakati wa kipupwe, tukaanza kukuta matawi yamekatwa. Hayakuvunjwa na upepo. Yalikuwa manene kama kifundo cha mkono, nayo yamekatwa kwa kuzungukwa, kana kwamba mtu amepitisha msumeno pande zote akaacha kijiti chembamba katikati. Mengine yalikuwa chini, mengine yananing'inia, majani yamekauka ilhali mti wenyewe ni kijani kibichi.

Mwenzetu mmoja alikuwa ameadhibiwa juma lile kwa kuchelewa kazi ya shamba, naye alinung'unika watu wakasikia. Ushahidi ukatosha. Alirudishwa kwao, na baba yake akauza mbuzi kulipia miti.

Mimi, ndugu zangu, nilikuwa nimemwona mkosaji. Siku chache kabla ya hapo nilipanda mkorosho mmoja kukwepa jua (tuseme kweli, kukwepa jembe), nikamkuta mbawakawa mkubwa ameng'ang'ania tawi, anatafuna, unga wa mti unadondoka. Alikuwa wa rangi ya machungwa mwenye mabaka meusi, urefu wake kama sentimeta 3, na vile vipapasio vyake virefu ambavyo sisi tulikuwa tukiviita pembe. Nilimshika, akalia kwa sauti nyembamba kama mlango usiotiwa mafuta. Nikamtupa. Mwenzangu aliposhitakiwa sikusema neno, wala haikuwa woga. Sikujua nilichokuwa nimekiona. Haikunijia kabisa akilini kwamba kidudu kama kile chaweza kuangusha tawi.

Mwaka uliofuata alikuja bwana shamba. Hakuuliza nani ana kinyongo na nani. Aliokota tawi, akaligeuza mwisho wake kwenye mwanga, akatuonyesha alama ndogo ndogo za meno kwenye mti. Msumeno hauachi alama za namna ile, wala panga. Kisha akalipasua, na ndani mkawa na mabuu meupe yasiyo na miguu ya kuonekana, kila moja kwenye njia yake.

Wataalamu humwita Paranaleptes reticulata, na anaishi katika pwani ya Kenya na Tanzania. Ni mmoja wa jamaa ya mbawakawa wenye pembe ndefu, ambayo ina aina zaidi ya 30,000 duniani. Kazi yake ina maana. Watoto wake hawakulii katika mti ulio hai. Wanahitaji tawi linalokufa. Basi mbawakawa hutafuna ganda na mti kuzunguka tawi, na jike hutaga mayai katika michano anayoifanya kwenye ganda, upande ule wa tawi utakaokauka. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwa njia ya ganda, na njia ikikatwa, kile kilichomo tawini hakiwezi kurudi shinani. Mama amewafungia watoto ghala. Wao hula humo humo, hugeuka mabundo humo humo, na hutoka mwaka unaofuata wakiwa wazima, baada ya masika.

Na sisi tulifanya nini na matawi yale? Tuliyapanga vizuri chini ya mikorosho, yangoje kuwa kuni za jikoni! Tulikuwa tunamfugia adui watoto wake. Dawa aliyotupa bwana shamba haikuhitaji hata senti moja: kusanya kila tawi lililokatwa, lililo chini na linaloning'inia, uyachome kabla hawajatoka. Tukafanya hivyo, na msimu uliofuata matawi yaliyoanguka yalikuwa ya kuhesabika.

Hata hivyo sikubali aitwe mharibifu tu. Mkorosho ulitoka Brazili, ukaletwa na Wareno. Mbawakawa huyu alikuwa na msufi wake wa mwituni; sisi ndio tuliompandia karamu kwa safu. Na mwituni tawi analoliangusha halipotei. Matundu wanayoyaacha mbawakawa kwenye miti mikavu hupangwa na wengine, nyuki wanaoishi peke yao na nyigu wadogo, nao nyuki hao huzunguka katika maua yetu. Tangu siku ile nimepasua vijiti vingi, mke wangu ni shahidi, na mara chache nimekuta kijiti kikavu kisicho na mpangaji.

Mnaniuliza habari za mbuzi. Mzee aliandikiwa barua ya kuombwa radhi, na mwenzetu alikuwa amekwisha kurudi darasani. Mbuzi hakurudi.

Hapa mezani nimeleta tawi nililoliokota asubuhi ya leo katika mikorosho ile iliyobaki nyuma ya jiko. Naomba lipitishwe, lianze na yule bwana wa mstari wa tatu. Vijana, tazameni mwisho wake kwenye mwanga, na mkiliweka sikioni pakiwa kimya huenda mkasikia watu wanakula. Likimaliza mzunguko, mpeni Mwalimu wa Biolojia. Amekuja na kiberiti.