Bao, Doti na Mtumbwi: Kufundisha Hisabati kwa Michezo na Mafumbo Mkoani Tabora

Mchezo hufaa kufundishia Hisabati pale kanuni zake zinapomlazimu mchezaji kuhesabu, kubashiri na kutetea uamuzi wake. Si kila mchezo una sifa hiyo. Wimbo wa kuhesabu moja hadi kumi huchangamsha darasa, lakini mwanafunzi anayejua kuhesabu hapati jipya ndani yake. Bao ni jambo jingine: asiyehesabu kabla ya kuinua kete huliwa.

Wazo la kutumia michezo ya wenyeji darasani ni la zamani nchini. Mwaka 1938 Otto Raum, mwalimu aliyefanya kazi Kilimanjaro, alichapisha kitabu chake Arithmetic in Africa, akionyesha kwamba somo la hesabu lingeweza kujengwa juu ya maisha na michezo ya Waafrika wenyewe. Claudia Zaslavsky alirudia hoja hiyo kwa upana zaidi mwaka 1973 katika Africa Counts. Hata hivyo, michezo inayoonekana katika madarasa mengi leo ni ya kadi za manila, nalo bao limebaki kibarazani na wazee. Hilo ni la kushangaza hasa Tabora, mji ambako Julius Nyerere, mpenzi mkubwa wa bao, alisoma kuanzia 1937 hadi 1942 na baadaye akafundisha katika shule ya St. Mary's.

Bao lina safu nne za mashimo manane, yaani mashimo 32, na kete 64. Kila mchezaji humiliki safu mbili, mashimo 16 yanayozungukwa kama njia moja isiyo na mwisho. Kwa shule linalofaa ni bao la kujifunza, ambalo kila shimo huanza na kete mbili. Bao kamili la Kiswahili, lenye kete 22 mkononi mwa kila mchezaji na nyumba yenye kete sita, lina kanuni nyingi mno kwa kipindi cha dakika arobaini. Liachiwe klabu ya baada ya masomo. Jirani kwa Wasukuma upo mchezo wa jamii hiyo hiyo uitwao isolo, na mwanafunzi aliyelelewa nao hupata urahisi.

Zoezi la kwanza halihitaji hata mpinzani. Mashimo 16 ya upande mmoja hupewa namba kuanzia 0 hadi 15, kila moja likiwa na kete mbili. Mwanafunzi huchota shimo namba 0 na kusambaza kete mojamoja. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, huzichota zote na kuendelea. Ikiangukia shimo tupu, hulala. Hapa hakuna kula. Kete mbili za kwanza zinaishia shimo la 2, ambalo sasa lina tatu. Tatu hizo zinaishia la 5, kisha la 8, la 11, la 14. Kabla ya kuendelea mwalimu husimamisha mchezo na kuuliza: kwa nini hatua zimekuwa za tatu-tatu? Jibu halitolewi na mwalimu. Baada ya hapo mfuatano unavunjika, kwa kuwa kete tatu za shimo la 14 zinapita la 15 na la 0, zinaishia la 1, ambalo lilikwisha kuongezewa kete mwanzoni na sasa lina nne. Nne hizo zinafika shimo la 5, ambalo ni tupu. Mchezo umelala.

Kete zilizosambazwa ni 2, kisha 3 mara tano, kisha 4: jumla 21. Ukigawanya 21 kwa 16 hubaki 5, na shimo la mwisho ni la 5. Mwanafunzi aliyeona baki ya kugawanya kama tarakimu isiyo na kazi pembeni mwa jibu, hapa huiona ikimwambia mahali kete ilipoangukia. Kutoka hapo darasa laweza kupewa swali gumu zaidi: kete ngapi, zikichotwa mara moja, zitarudi kuishia shimo zilikotoka? Wengi hujibu 15, kisha hujisahihisha wakishasambaza kwa mikono yao. Hakiki ya mwisho ni kuhesabu kete zote za upande huo. Lazima ziwe 32. Zikipungua, kuna aliyekosea au kuna kete iliyoanguka chini.

Kwa madarasa ya chini mdako watosha. Vijiwe huchotwa kimoja kimoja, viwili viwili, vitatu vitatu, huku kimoja kikiwa hewani; kwa vijiwe 12 mtoto hugundua mwenyewe kwamba kuchota vitano vitano huacha viwili.

Chanzo cha pili cha maswali, baada ya michezo, ni njia ya misafara ya biashara, iliyotoka Bagamoyo kupitia Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, hadi Ujiji. Biashara hiyo ilihesabu kwa vipimo visivyofuata makumi pekee. Mikono minne ya kitambaa ilifanya shuka, shuka mbili zikafanya doti. Ushanga ulihesabiwa kwa khete, na khete kumi zikawa fundo. Uzito ulipimwa kwa frasila, karibu kilo 16, na mzigo wa mpagazi wa Kinyamwezi ulikuwa wa frasila mbili hivi. Hongo, yaani ushuru wa kupita, ya doti saba na shuka moja ni mikono mingapi? Ni 60, lakini thamani ya swali iko katika swali linalofuata: ni mkono wa nani? Wanafunzi wakipima kamba ileile kwa mikono yao, kila mmoja hupata jibu lake, na hoja ya kipimo sanifu hujileta yenyewe.

Tarehe nazo zina fumbo lake. Wapelelezi Burton na Speke waliondoka pwani tarehe 27 Juni 1857 na kuingia Kazeh, Tabora, tarehe 7 Novemba. Anayetoa tarehe kwa tarehe hupata siku 133. Anayehesabu siku ya kuondoka na ya kufika hupata 134, ambayo ndiyo hesabu aliyoiandika Burton. Majibu yote mawili ni sahihi kwa maswali mawili tofauti, na kosa hili la moja huwaponza wanafunzi kwenye maswali ya nguzo za uzio na miti iliyopandwa kwa mstari.

Kati ya Tabora na Ujiji misafara ilivuka Mto Malagarasi kwa mitumbwi na kulipia. Mazingira hayo yanalifaa lile fumbo linalojulikana pia kwa Waswahili, la mtu mwenye chui, mbuzi na majani, ambaye mtumbwi wake hubeba kimoja tu kwa safari, na asipokuwapo chui humla mbuzi na mbuzi hula majani. Wanafunzi wengi hukwama kwa sababu hawafikirii kumrudisha mbuzi. Akishavushwa, kurudishwa na kuvushwa tena, safari huwa saba. Kuthibitisha kwamba haziwezi kupungua ni kazi ya kidato cha pili kwenda juu, na ndipo fumbo linapokuwa Hisabati. Tofauti nzuri ni kuuliza nini kinabadilika mtumbwi ukibeba viwili.

Vikwazo vya utekelezaji ni vya kawaida. Mbao za bao hazihitajiki: mashimo huchimbwa uwanjani chini ya miembe, na kete huwa mbegu au kokoto. Katika darasa la wanafunzi wengi, watu wanne kwa kila bao ni kiasi kinachofaa, wawili wakicheza na wawili wakiandika kila hatua daftarini, kisha wabadilishane. Bila waandishi hao kipindi hugeuka mapumziko. Wasichana wapewe zamu ya kwanza ya kucheza, kwa kuwa baraza la bao limezoeleka kuwa la wanaume na wavulana wengi huja wakiwa wamelijua tayari. Mzazi anayehusisha michezo na kamari za vijiweni huonyeshwa daftari. Alama zitolewe kwa maelezo yaliyoandikwa, si kwa ushindi, maana mchezaji hodari asiyeweza kueleza alivyobashiri shimo la mwisho bado hajafika kwenye somo lenyewe.