MAZUNGUMZO JUU YA PUNDA NA FARASI



Mwezi wa Machi 1871 Bwana Stanley aliondoka Bagamoyo kumtafuta Dakta Livingstone, akiwa na farasi wawili na punda 27. Alifika Ujiji mwezi wa Novemba, lakini farasi wote wawili walikuwa wamekufa zamani, safari ingali karibu na pwani. Mmoja alipopasuliwa, tumboni mlionekana minyoo tele. Bwana wake hakujua, maana mnyama hasemi.

Huo ndio uchungu wa kufuga. Twaweza kumwokota punda aliyetupwa, tumlishe na kumwosha vidonda, na bado afe mikononi mwetu.

Lakini faraja iko. Kule Lamu ilifunguliwa hospitali ya punda mwaka 1987, na wenye punda wakawapeleka kutibiwa vidonda na kupewa dawa ya minyoo bila malipo. Yaliyomshinda Bwana Stanley, leo yana dawa.

Basi yatupasa kumtazama punda mgongo kila jioni tumshushapo mzigo. Tukiona kidonda, tusimtwike mpaka kipone. Akikonda naye ala vema, tumwite bwana mifugo upesi.

Thawabu yetu si fedha tu. Ni siku ile punda aliyekuwa akiukimbia mkono wa mtu atakapotusogelea mwenyewe, bila kuitwa. Na yule atakayekufa, walau hakufa peke yake njiani.