Kikombe Ndani ya Gunia: Kupima Ushahidi wa Kimazingira Mke Kijana Anapokufa Kifo cha Kutatanisha

(Mada kwa machifu na manaibu wao, maafisa wa polisi, wauguzi na wazee wa Nyumba Kumi, Masara, Suna Magharibi)



Mfano nitakaoutumia leo nimeutunga mwenyewe, tena makusudi, usije ukafanana na msiba wowote mnaoujua. Mke wa miaka 22 anakutwa alfajiri akiwa amekufa ndani ya nyumba ya mabati. Mume ni mchimbaji wa dhahabu na usiku huo alilala nyumbani. Majirani walisikia ugomvi mnamo saa nne usiku. Mume anawaambia waliofika kwanza kwamba mkewe alijinyonga kwenye boriti, naye akamshusha. Saa tatu asubuhi polisi wanaingia, mume hayupo. Chini ya kitanda kuna kichupa cha zebaki na pakiti ya dawa ya kupe. Mama wa marehemu anasema binti yake alimpigia simu juzi, analia.

Hakuna aliyeona. Katika hayo yote, ni jambo gani lina uzito kuliko mengine?

Nikiuliza swali hili barazani, jibu huja kabla sijamaliza: ametoroka! Asiye na hatia anakimbia nini? Nami huwajibu kwa swali lingine. Wangapi hapa mmewahi kuona ndugu wa mwanamke wakifika kwenye boma la mkwe siku ya namna hiyo? Wanakuja na nduru, wanakuja na panga, na mara nyingine nyumba inawaka kabla chifu hajavaa viatu. Mume aliyemuua mkewe atakimbia. Mume ambaye hakumuua naye atakimbia, labda kwa kasi zaidi. Basi utoro peke yake hautenganishi wawili hao. Unaongeza uzito pale tu mambo mengine yanapokuwa yamekwisha kusimama.

Hapo ndipo penye mada yangu. Mambo yanayopigiwa kelele kwenye matanga mara nyingi ni mepesi mbele ya jaji, na mambo ambayo hakuna aliyejishughulisha nayo, kama urefu wa kamba au rangi ya ngozi mgongoni, ndiyo yanayoamua kesi. Nyinyi mlio hapa ndio mnaofika kwanza. Jaji huyaona mambo hayo kwa macho yenu, au hayaoni kabisa.

Sheria tunayoitumia si ngeni. Mwaka 1949 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Kipkering arap Koske, ilisema kwamba ili mtu atiwe hatiani kwa ushahidi wa kimazingira, mambo yanayomwelekea ni lazima yasiweze kupatana na kutokuwa na hatia kwake, wala yasiweze kuelezwa kwa njia nyingine yoyote ya maana. Mzigo wa kuyathibitisha unabaki kwa upande wa mashtaka. Mwaka 1958, katika kesi ya Simoni Musoke kutoka Uganda, mahakama hiyo ikakazia onyo lingine: kabla ya kufikia uamuzi, hakikisha hakuna jambo jingine kando ya hayo linalodhoofisha au kubomoa hitimisho lako.

Onyo hilo lilitoka mbali. Lilitoka kwenye kesi ya Teper, iliyoamuliwa London mwaka 1952 kutoka Guyana ya Waingereza. Mtu alishtakiwa kwa kuchoma duka alimofanyia biashara. Ushahidi mmoja ulikuwa wa polisi aliyesikia sauti ya mwanamke barabarani ikimshangaa mtu ndani ya gari kwamba duka lake linaungua naye anaondoka. Mwanamke huyo hakuitwa mahakamani wala hakujulikana ni nani, na maneno hayo yalisikika takriban dakika 26 baada ya moto kuanza, zaidi ya mita 200 kutoka dukani. Hukumu ikatenguliwa. Katika uamuzi huo jaji, Lord Normand, alitumia mfano ambao kila mmoja wenu anaujua kutoka kanisani. Yusufu aliamuru kikombe chake cha fedha kitiwe kwenye gunia la Benyamini. Kikombe kikakutwa. Ndugu za Benyamini hawakuuliza kingewezaje kufika humo kwa njia nyingine. Wakararua mavazi yao, wakaamini mdogo wao ni mwizi.

Sasa turudi chini ya kitanda. Zebaki. Nairobi, kukuta zebaki chumbani mwa mtu ni jambo la kushtua. Hapa Masara ni chombo cha kazi. Wachimbaji wadogo wengi huitumia kukamata dhahabu kutoka kwenye mchanga uliosagwa. Dawa ya kupe nayo iko katika kila boma lenye ng'ombe. Hiki ni kikombe ndani ya gunia. Kisizungumzwe mpaka Mkemia wa Serikali aseme amekuta nini tumboni, kwenye ini na kwenye damu, na ili aseme, sampuli lazima zichukuliwe, zifungwe, ziwekwe lakiri, na kila mkono uliozishika uandikwe. Nimeona jalada ambalo chupa ya sampuli ilikaa kwenye droo kwa wiki tatu. Wakili wa utetezi hakuhitaji hoja nyingine.

Ugomvi wa saa nne? Una maana, lakini mwulize jirani alisikia nini hasa. "Walikuwa wanapigana" ni hitimisho lake mwenyewe. "Nilisikia mwanamke akisema niachie, kisha kitu kikaanguka, kisha kimya" ni ushahidi. Andika maneno hayo, kwa Dholuo kama yalisemwa kwa Dholuo, na uandike saa aliijuaje. Kama ni kwa sababu taarifa ya habari ilikuwa imeanza redioni, liandike hilo pia.

Simu ya mama inahitaji uangalifu zaidi, maana hapo ndipo tunapopoteza mengi. Kwa kawaida maneno ya mtu asiyekuwepo mahakamani hayapokelewi. Lakini kifungu cha 33(a) cha Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, kinayapokea maelezo ya marehemu kuhusu sababu ya kifo chake au mazingira ya tukio lililokileta. Binti akisema mwezi uliopita kwamba ndoa imemshinda, hayo yako mbali na tukio. Akisema juzi, "Amesema tukilala ataniua kwa sababu ya zile pesa," maneno hayo yamelikaribia. Tofauti iko kwenye maneno kamili, na mama aliye kwenye msiba huyasahau upesi. Mwulizeni siku hiyo hiyo. Simu yake msiifute wala msiichezee: rekodi za kampuni ya simu zitaonyesha saa na muda wa mazungumzo, zikiambatana na cheti ambacho sheria inadai kwa ushahidi wa kielektroniki.

Na kisa cha pesa? Watu hupenda kutafuta sababu. Kifungu cha 9 cha Kanuni ya Adhabu kinasema sababu ya kutenda haihitaji kuthibitishwa, isipokuwa pale sheria inapodai hivyo. Ikipatikana inasaidia. Isipopatikana, msiitunge.

Nimefika kwenye mambo yanayobeba kesi. La kwanza ni kwamba wawili walilala humo, na mmoja akatoka hai. Kifungu cha 111 cha Sheria ya Ushahidi kinamtaka mshtakiwa aeleze mambo yaliyo ndani ya ujuzi wake peke yake. Hakiuondolei upande wa mashtaka mzigo wake. Msije mkamwambia mume kituoni kwamba lazima athibitishe hakuua. Lakini maelezo aliyotoa alfajiri, na yale atakayotoa baadaye, yatalinganishwa na mwili. Kwa hiyo neno lake la kwanza lina thamani kuliko utoro wake wote. Alisema alimkuta ananing'inia? Alimshusha namna gani, peke yake? Mke alipanda juu ya nini? Nani alimsikia akisema hivyo?

La pili ni shingo. Kwa kawaida kamba ya mtu aliyejinyonga huacha alama iliyo juu shingoni, inayopanda kuelekea kwenye fundo na mara nyingi haikamiliki mzunguko. Aliyenyongwa kwa kamba na mtu mwingine, alama huelekea kuwa ya mlalo, chini kidogo, ikizunguka shingo. Kanuni hii haifuatwi kila mara, ndiyo maana kazi hiyo ni ya mwanapatholojia, si yetu. Akinyongwa kwa mikono, huenda kukawa na mikwaruzo ya kucha, na vidoa vidogo vya damu machoni. Na hapa niseme jambo linalohusu umri wa wake hawa. Wapelelezi husoma ripoti kwamba mfupa wa hayoidi haukuvunjika, wakafunga jalada. Kwa mwanamke wa miaka 22 mfupa huo na gegedu zake bado hunepa. Anaweza kunyongwa bila kitu kuvunjika. Kutovunjika hakumwokoi mume, wala hakumfungi.

La tatu ni damu inapotuama. Mtu akifa, damu hushuka upande wa chini wa mwili na kuifanya ngozi iwe na rangi ya zambarau. Baada ya saa kama 8 hadi 12 rangi hiyo hukaa pale pale hata mwili ukigeuzwa. Aliyening'inia usiku kucha atakuwa nayo miguuni na mikononi. Aliyekuwa nayo mgongoni alilala chali baada ya kufa. Mume anayesema alimkuta boritini alfajiri na kumshusha papo hapo, ilhali mgongo wa mkewe ni wa zambarau na miguu ni myeupe, atakuwa na kazi ya kueleza. Lakini nani aliutazama mgongo huo? Akina mama wanamwosha na kumvalisha kwa upendo, na kufikia saa nne asubuhi ushahidi umeshavalishwa gauni. Dada zetu wauguzi, kabla ya chochote: mgeuzeni, tazameni, andikeni saa, pigeni picha.

Bado kuna mila. Katika familia zinazoshika desturi ya zamani, maiti ya aliyejinyonga huchapwa, na mti alioutumia hukatwa. Siji hapa kuwafundisha wazee mila zao. Nasema tu kwamba fimbo hizo huacha alama ambazo wakili atazitumia, na mti uliokatwa hauwezi kupimwa. Mila na isubiri upasuaji. Mahari nayo isubiri. Nimeshuhudia majadiliano ya ng'ombe yakimalizika kwa maziko ya haraka, kisha miezi miwili baadaye watu wanaomba amri ya mahakama kufukua.

Mtauliza kama kesi ya namna hii inaweza kushinda kweli. Inaweza. Mauaji ya Monica Kimani yalitokea Nairobi Septemba 2018 bila shahidi wa macho. Februari 2024 Jaji Grace Nzioka alimtia hatiani Joseph Irungu kwa mambo yaliyounganishwa: kitambulisho cha mtu mwingine kilichotumiwa langoni, walinzi waliomwona, nguo zilizochomwa. Mshtakiwa wa pili, Jacque Maribe, akaachiliwa. Walishtakiwa pamoja, umma uliwashuku pamoja, na mizani ikasoma tofauti. Mwaka 2003 Mahakama yetu ya Rufani ilikwisha kusema katika kesi ya Sawe kwamba tuhuma, hata ziwe na nguvu namna gani, haziwezi kuwa msingi wa kumtia mtu hatiani.

Mawakili hupenda kuufananisha ushahidi huu na mnyororo. Kiungo kimoja kikikatika, umekwisha. Mwaka 1866 jaji mmoja Mwingereza, Pollock, alisema ni afadhali kuufananisha na kamba ya nyuzi nyingi, ambapo uzi mmoja hauwezi kubeba mzigo lakini zikisokotwa pamoja zinaweza. Mchimbaji anayeshuka shimoni hapa Masara atamwelewa Pollock upesi. Atauliza pia nyuzi ngapi zimeoza.

Na kama hapana mshukiwa wa wazi, msilitupe jalada. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, vifungu vya 385 hadi 388, inampa hakimu uwezo wa kuchunguza chanzo cha kifo. Bunge lilipitisha mwaka 2017 sheria ya kuunda huduma ya kitaifa ya uchunguzi wa vifo, kisha miaka ikapita bila huduma yenyewe kuanza. Kwa hiyo uchunguzi wa hakimu ndio mlango tulio nao.

Neno moja kuhusu kamba. Shemeji mwenye huruma hukata penye fundo. Ikiwa kuna dalili yoyote ya uhai, kata popote, upesi, okoa mtu. Ikiwa amekwisha kupoa, kata mbali na fundo, na fundo libaki kama lilivyo. Fundo laweza kudokeza aliyelifunga anatumia mkono gani, na kama ni fundo la kufungia ng'ombe au la kuteremshia ndoo shimoni.

Tukitoka chai, kila kundi lirudi kwenye ule mfano. Ondoeni utoro, zebaki na dawa ya kupe. Wekeni mbele yenu yaliyobaki, kisha niambieni: mngekuwa naibu chifu wa kwanza kufika, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mngemzuia nani asiingie, na mngeandika nini kwanza?